Ukiulizwa swali la imani au la kanisa, anza hivi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Hii naiandika kwa ajili ya mtu ambaye watu wanamfuata na maswali ya kanisa hata kama hajasoma theolojia, yaani mzee wa kanisa, kiongozi wa jumuiya, mwalimu wa Sande skuli, mwanakwaya, au wewe tu ambaye kazini wanajua huyu ni mtu wa kanisani basi kila ishu ya dini wanakuletea. Mimi nafundisha kipaimara kwenye usharika wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hapa Dar, mwaka wa kumi na moja sasa, na hawa watoto wa kipaimara wanauliza jamani, halafu ukiwamaliza unakutana na mama zao nao wana yao, ukipanda boda kijana akiona Biblia kwenye mkoba naye ana lake, na msibani ndo usiseme.

Kitu nilichokuja kujifunza baada ya kujibu vibaya miaka mingi ni hiki. Kabla sijafungua mdomo najiuliza hili swali linajibiwa na nini, Biblia, au utaratibu wa kanisa letu, au mazoea yetu tu? Haya mambo matatu tunayachanganya sana na watu wanaumia kwa sababu hiyo. Kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, hiyo ni Biblia, 1 Wakorintho 15, ukiitoa hiyo hakuna kanisa tena. Kwamba mtoto anasoma kipaimara miaka miwili ndo anakaribia meza ya Bwana, huo ni utaratibu, kanisa limekaa likapanga kwa sababu nzuri na kanisa linaweza kukaa tena likapanga vingine. Gauni jeupe, keki, ukumbi na MC siku ya kipaimara, hayo ni mazoea.

Sasa ona inavyosaidia. Kuna mama alikuja kuniambia mwaka huu binti yake asihesabiwe, atabarikiwa mwakani, nikamuuliza vipi mama, mtoto anajua masomo vizuri kabisa, akazungukazunguka mwishoni akasema hana hela ya gauni na sherehe. Nikamwambia mama yangu, hakuna mstari wa Biblia unaodai gauni na hakuna kanuni ya kanisa inayodai ukumbi, mlete mtoto na nguo yake ya Jumapili. Alikaa kimya kidogo halafu akauliza, kweli ticha? Miaka yote alikuwa anadhani ndivyo Mungu anavyotaka, na hakuna aliyewahi kumwambia hayo ni mambo yetu sisi wenyewe. Kwa hiyo jibu lako lianze na hilo, "hili Biblia inasema hivi", au "hili ni utaratibu wa kwetu, kwa Wakatoliki ni tofauti", au "hili tumezoea tu", mtu akishajua amesimama wapi nusu ya mzigo inashuka.

Sasa twende kwenye maswali yenyewe, nachukua yale yanayokuja kila mwaka.

La ubatizo ndo baba lao. Mtoto katoka shuleni kaambiwa na rafiki yake mlokole kwamba wewe hujabatizwa, ulinyunyiziwa maji ukiwa huna akili. Usianze kuwasema walokole, nakuomba sana, maana huyo rafiki yake anampenda na ukimtukana rafiki umepoteza mtoto. Mpe pande zote mbili kwa haki. Wanaozamisha wana hoja, neno lenyewe la Kigiriki lina maana ya kuchovya au kuzamisha, Yesu alipanda kutoka majini Mathayo 3, na yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8 aliamini kwanza ndo wakashuka majini na Filipo. Wanaobatiza watoto nao wana hoja, Matendo 16 Lidia anabatizwa na nyumba yake, mlinzi wa gereza wa Filipi anabatizwa usiku uleule yeye na watu wake wote, na Petro siku ya Pentekoste anasema ahadi hii ni kwa ajili yenu na kwa watoto wenu. Na kuhusu kumimina maji, kuna maandiko ya zamani sana ya Wakristo yanaitwa Didake, yanaelekeza ubatize kwenye maji yanayotiririka, kama hakuna basi maji mengine, na kama yote hayapo mimina kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa hiyo kumimina si kitu kilichobuniwa juzi. Ila kuwa mkweli, Didake haizungumzii watoto wachanga pale, usiiongezee maneno ili ushinde.

Halafu muulize mtoto, we unaogopa nini? Hapo ndo utasikia swali lenyewe. Binti mmoja aliniambia ameshaenda baharini kimyakimya kabatizwa tena na wenzake, na anaogopa mama akijua, na anaogopa zaidi kwamba labda ule wa kwanza Mungu hakuuona. Hilo lina jibu. Waefeso 4, Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja, ndo maana Mkatoliki akihamia kwetu hatumbatizi tena, anapewa mafundisho anapokelewa, kwa sababu aliyembatiza kweli ni Mungu na Mungu hakukosea mara ya kwanza. Kwenda kwa mama tulienda wote wawili.

La Jumamosi na Jumapili. Hapa Kiswahili chenyewe kinatuchanganya na mtu hajui. Sisi tunasema Jumamosi, mosi, ya kwanza, halafu Jumapili ya pili, ni hesabu ya pwani inayoanza baada ya Ijumaa, sasa mtoto akihesabu hivyo siku ya saba inakuwa Ijumaa na anachanganyikiwa kabisa. Mwambie hesabu ya Biblia inaanza Jumapili kama siku ya kwanza ya juma, na sabato ya amri kumi ni Jumamosi, kweli kabisa, usibishane na Msabato kwenye hilo maana yuko sahihi. Tunachosema sisi ni kwamba Wakristo walianza mapema kukutana siku ya kwanza kwa sababu ndo siku Bwana alifufuka, soma Matendo 20:7 na 1 Wakorintho 16:2. Na ukiambiwa Jumapili ililetwa na mfalme Konstantino, jibu taratibu, Konstantino alitoa sheria ya kupumzika Jumapili mwaka 321 kweli, ila Yustino, Mkristo wa zamani aliyeandika kule Roma katikati ya karne ya pili, zaidi ya miaka 150 kabla yake, anaeleza Wakristo wa mjini na vijijini wanavyokusanyika siku hiyo, wanasoma maandiko, wanaomba, wanashiriki mkate, na wenye nacho wanachangia yatima na wajane. Halafu malizia na Warumi 14:5, kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe, na muache Msabato aende zake kwa amani, ni ndugu.

La Utatu, yaani Mungu mmoja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, linakuja zaidi kutoka kwa majirani Waislamu na hapa pwani tunaishi nao, tunakula nao, ni mashemeji zetu. Kawaida linakuja hivi, nyie Mungu wenu ana mtoto, mke wake nani? Mi naanzia kwenye lugha yetu. Mwananchi hajazaliwa na nchi, mwanasheria hana mama anaitwa sheria, mwanamaji, mwanachama, Kiswahili chenyewe kinajua "mwana" inaweza kusema uhusiano bila habari ya kitanda. Wakristo hawajawahi kuamini Mungu alioa, na ukimwambia jirani hivyo wazi mara nyingi anashangaa kwa sababu alichokuwa anakipinga hata wewe unakipinga. Ila usiubebeshe huo mfano mzigo wote, unafungua mlango tu, ukishaingia ndani nenda Yohana 1, hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwa Mungu. Mkubalie pia kwamba neno Utatu halimo kwenye Biblia, ni neno la kanisa la kueleza kile kinachoonekana humo, na maneno ya imani tunayoyasema kanisani yalianza kuwekwa sawa kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea mwaka 325 na ule wa Konstantinopoli 381. Mifano ya yai na ya maji na barafu mi niliiacha, maana maji yanakuwa barafu halafu barafu inakuwa mvuke, yaani kitu kimoja kinabadilisha nguo, wakati Yesu alipokuwa anabatizwa Baba alisema kutoka mbinguni na Roho akashuka, wote kwa wakati mmoja. Na kikubwa, mwambie wewe unaamini nini, usimfundishe yeye anaamini nini, dini yake ataieleza mwenyewe.

Hela sasa. Swali halisi linaulizwa kwa sauti ya chini, ticha nisipotoa fungu la kumi ntalaaniwa? Mtu kasikia Malaki 3 ikisomwa kwa ukali kila wiki, na ana mtoto wa kupeleka shule na kodi ya nyumba. Mwambie afungue na Kumbukumbu la Torati 14:28-29, pale zaka, yaani hilo fungu la kumi, ya kila mwaka wa tatu inawekwa akiba kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Yaani ile zaka ilikuwa chakula cha watu wasio na shamba, sasa ukimkamua mjane kwa kutumia mstari uliowekwa kumlisha mjane hapo umegeuza Biblia juu chini, nasema hivi nikiwa na uchungu kabisa. Kisha 2 Wakorintho 9:7, kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Lakini pia usimdanganye kwamba kanisa linaishi kwa hewa, kuna umeme, kuna mshahara wa mchungaji na mwinjilisti, kuna bati, na wanaotoa kwa uaminifu ndo wanaobeba yote hayo. Akiuliza hela zinaenda wapi usichukulie kama tusi, ni haki yake, kwetu sadaka ya Jumapili iliyopita inasomwa kwenye matangazo na taarifa ya mapato na matumizi ipo, mpeleke kwa mhasibu wa usharika aione. Na asiye na hela ana mikono, ana yai la kupeleka mnadani, usimuache aondoke anajiona si mtu.

Linaloendana na hilo ni la mazishi. Najua familia moja walifiwa na baba, wakaenda kanisani kwao wakaambiwa marehemu hakuwa na kadi, ahadi yake ya mchango kwa kanisa hajalipa miaka miwili, mchungaji haji. Sitataja wapi. Yule mzee alikuwa amelala na kiharusi miaka hiyo miwili na hakuna mtu wa kanisa aliyeenda kumuona. Ukiulizwa jambo kama hili, jibu kwanza kwamba huo ni utaratibu, tena kwenye makanisa mengi unaachia nafasi ya mchungaji kuangalia hali ya mtu, kwa hiyo waende wenyewe kwa mchungaji mapema, wasiishie kwa karani, waeleze ugonjwa, na waende na mzee wa kanisa wa mtaa wao. Na we kiongozi wa jumuiya, kazi yako ilianza miaka miwili kabla ya msiba, asiyeonekana Jumapili tatu mfuatilie, mpigie, nenda na wenzako, habari yake ifike ofisini kabla jeneza halijafika.

La maji na mafuta ya upako. Hili naomba uwe mpole na uwe makini kwa pamoja. Aliyenunua chupa ya maji ya upako mara nyingi anaumwa, au mtoto wake anaumwa, au ndoa inavunjika, ukimcheka umemrudisha kulekule. Mwambie mafuta yapo kwenye Biblia kweli, Yakobo 5:14, mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamuombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, ila pale wazee ndo wanaomfuata mgonjwa kitandani na hakuna bei iliyotajwa, na Yesu aliwaambia wanafunzi wake mmepata bure, toeni bure. Halafu muulize swali la muhimu kuliko yote, dawa zako bado unakunywa? Kama ni za sukari, presha, kifafa au ARV na ameambiwa aziache kwa imani, hapo acha habari za mistari kwanza, mrudishe hospitali leo, kesho mtaongea theolojia. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta kwenye mkutano, na 2023 kule Shakahola, Kilifi, ikafukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wa kikundi kilichofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakamuone Yesu, na kati yao walikuwemo watoto wengi. Ndo maana mi nikiona mahali muumini haruhusiwi kuuliza naogopa. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walimsikia Paulo mwenyewe halafu wakarudi kuchunguza maandiko kila siku kama ndivyo yalivyo, na Biblia inawaita waungwana kwa kufanya hivyo.

Kuna maswali mepesi yajibu haraka usiyakuze. Krismasi tarehe 25 Desemba haimo kwenye Biblia, kanisa la Roma ndo lilikuwa linaiadhimisha tarehe hiyo kwenye karne ya nne, na Waethiopia wanasherehekea Januari 7 na Yesu ni yuleyule. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73 na yetu 66, tofauti ni vitabu vya Agano la Kale kama Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, Agano Jipya ni 27 kwa wote. Matangazo ya ndoa Jumapili tatu ni utaratibu wa kale ili mwenye pingamizi aseme, tena na sheria ya ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo inataka notisi ya siku 21 kwa hiyo vinaendana vizuri.

Sasa lile gumu. Msibani, mama mmoja alinishika mkono nikiwa nimebeba sufuria la chai, kijana wake alijinyonga, ana miaka 22, wanawake wawili nyuma yetu walikuwa wanasema kwa sauti huyo moja kwa moja motoni. Akaniuliza, mwalimu, mwanangu yuko wapi? Ukiulizwa hivi weka sufuria chini. Kaa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hicho ndo kitu kizuri walichofanya, mambo yaliharibika walipoanza kueleza. Mi nilikaa naye chini kwenye mkeka mpaka alipouliza tena, na alipouliza mara ya pili nikajua anataka jibu kweli.

Nilimjibu hivi. Biblia haina mstari unaosema aliyejiua hawezi kuokolewa, upo unaosema usiue na uhai ni wa Mungu, na hilo hatulifichi, lakini anayehukumu ni Mungu peke yake, na yeye alikuwa na kijana wako usiku ule wakati sisi wote tumelala. Warumi 8, wala mauti, wala uzima, hakuna kitakachoweza kututenga na upendo wa Mungu ulio katika Kristo Yesu. Zamani makanisa mengi yalikataa kuzika waliojiua na watu wazima wengi bado wanakumbuka hivyo ndo maana wanasema vile, lakini hata Kanisa Katoliki, kwenye katekisimu yake, yaani kitabu cha mafundisho, ya 1992, linasema maumivu makubwa ya akili na hofu kali huweza kupunguza lawama, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu hao, na linawaombea. Sikumwambia mwanao yuko mbinguni, sijui hilo na si langu kulitangaza. Nilimwambia amemkabidhi kwa anayempenda kuliko yeye mama yake. Baadaye nikawafuata wale wanawake wawili nikawaambia kwa heshima, mama zangu shikamooni, mama wa marehemu anawasikia. Na ukiona kwenye familia hiyo kuna mdogo mtu anayeanza kusema na yeye amechoka kuishi, usisubiri jumuiya ya wiki ijayo, mwambie mzazi, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwisho, swali usilolijua. Watoto wananiuliza Kaini alimpata wapi mke, dinosaria wako wapi kwenye Mwanzo, kwa nini Mungu aliruhusu bibi ateseke na kansa. Mengine nina jibu, mengine sina, na "sijui" ni jibu halali ukiiambatanisha na siku. Mi nina daftari, kurasa za nyuma naandika swali kama alivyolisema mwenyewe, jina lake, na siku niliyoahidi kurudi, kwa mfano Alhamisi baada ya kwaya. Katikati hapo namuuliza mchungaji au mwinjilisti, nasoma, wakati mwingine mchungaji naye anasema hajui na mimi namrudishia mtoto hivyohivyo kwamba nimeuliza mpaka kwa mchungaji na hiki ndicho tulichopata. Swali la kansa ya bibi lilikaa kwenye daftari miezi minne, kila Alhamisi yule mtoto anachungulia kuona kama bado liko, na liko.